Mbwa Aliyepita Kwenye Dagaa

Jina la mbwa wetu silitaji hapa, na nina sababu. Baba alimpa jina la aliyekuwa bosi wake kwenye chama cha ushirika, yule yule aliyempunguza kazi. Ukimwita mbwa kwa sauti pale kwetu Majengo, kuna mzee mmoja nyumba za chini anageuka. Mimi, kwa kuwa napenda wazee wapate mazoezi ya shingo, nilikuwa namwita mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Baada ya kupunguzwa, baba aliingia kwenye biashara ya mitumba kama nusu ya mji. Marobota yakalala sebuleni, sisi tukalala palipobaki, na mbwa akaletwa kuyalinda. Kulinda kwenyewe hakujua. Mwizi angekuja, yule mbwa angemshikia kibatari.

Mwaka huohuo tukamleta bibi, mama yake baba, kutoka Madaba. Bibi na mimi ni watani, na utani wetu haukuwa na breki. Kwa kuwa marehemu babu alihesabiwa kuwa mume wangu pia, bibi aliniita mke mwenzake. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo, bibi," anaitikia, "Marahaba, mwizi wa waume. Umepika chai au umelala tu na hiyo midomo?" Namjibu kwamba babu alikufa ili apumzike na chai yake yeye. Mama anaziba masikio. Bibi anacheka mpaka anafuta machozi kwa pindo la kanga.

Kwa hiyo alipoanza kusahau, mimi nilikuwa wa mwisho kukubali. Nilidhani ni utani. Yuko anachambua maharage kwenye ungo, anasimama, anajifunga kanga vizuri, anaelekea mlangoni.

"Bibi, wapi?"

"Kupalilia. Magugu yamezidi."

Shamba lake lilikuwa Madaba, mwendo wa basi wa kutosha kukuharibia kiuno. Yeye alikuwa anakwenda kwa miguu. Mara ya kwanza kondakta mmoja alimkuta stendi akaulizauliza mpaka akamfikisha nyumbani. Mara nyingine mvua ilimkuta njiani, akarudishwa akitetemeka, na homa ikamlaza hadi mama akaanza kuomba rozari kwa sauti ya kutisha. Alipopona, baba alirudi kutoka dukani na kufuli. Kufuli jipya, kubwa, la Kichina. Akalitundika kwenye msumari kando ya mlango wa chumba cha bibi.

Bibi aliliona. "Hili la kufungia nini?" akauliza. "Si kuku wenyewe mmeshawala?"

Nilitafuta utani kichwani mwangu, mimi ambaye sikosi, nikakosa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa polisi aliyehamishiwa Songea kutoka Moshi. Ujana wake wote aliutumia na mbwa wa polisi. Mguu ulipovunjika wakamweka ofisini agonge mihuri, na ukimtazama machoni unaona mihuri haimpendezi. Mbwa wetu alikuwa anamwamkia juu ya ukuta kwa adabu ambayo sisi wenye mbwa hatukuwahi kuipata. Nikamfuata.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, kuruta. Huyo mbwa wenu ana pua nzuri sana, nyinyi mmemfanya zulia."

"Anaweza kumtafuta bibi akipotea?"

Akanitazama, akatazama kufuli kupitia mlango wetu uliokuwa wazi. Alikuwa amekwishaelewa. "Anaweza," akasema. "Lakini kwangu hakuna fimbo. Siku nikiona fimbo, somo limekwisha."

Baba alipoambiwa alicheka cheko fupi. "Mbwa nimemnunua alinde marobota, sasa mnampeleka shule." Lakini alikubali. Akasema atatujaribu siku moja, na mbwa akishindwa, kufuli litafanya kazi yake. Nadhani na yeye alikuwa anatafuta mtu wa kumzuia.

Tukaanza uani. Somo la kwanza lilikuwa dogo hata nikaona aibu: namshika mbwa, bibi anakaa kwenye kigoda hatua chache mbele yetu, namwachia, mbwa anamfikia bibi, anapewa dagaa wa Nyasa. Basi.

"Hilo tu, afande?"

"Hilo tu. Na dagaa ampate palepale. Ukichelewa, atadhani umemlipa kwa kujikuna."

Kesho yake bibi akakaa nyuma ya mti wa mpera, kanga ikionekana. Halafu nyuma ya choo. Halafu ndani ya jiko, mlango umerudishwa. Hatukusogea mbele mpaka hatua ya nyuma iwe rahisi kama kunywa maji. Mbwa akikosea, hakuna kumfokea. Tunarudi hatua moja, anapata, anasifiwa, tunafunga somo angali anataka zaidi. Mbwa akimpata bibi alifundishwa kukaa chini na kuinua mguu mmoja wa mbele, kama mtu anayejua jibu.

"Msifu!" afande alikuwa ananiambia. "Hiyo sauti gani? Unamsifu au unatoa rambirambi?"

Ikabidi nipige vigelegele uani kwa ajili ya mbwa, majirani wakichungulia. Nikawaza sana juu ya mwalimu wetu wa hisabati, ambaye kwake ukikosa ni viboko na ukipata ni kimya. Siku moja nilipata swali gumu ubaoni nikainua mkono mmoja na kukaa nikisubiri dagaa. Nilichopata si dagaa.

Bibi aliyapenda masomo kuliko mbwa. Siku za kujificha hakusahau kitu. Alikuwa anajibanza nyuma ya pipa huku akinong'ona kwa sauti inayosikika mpaka barabarani, "Mwambieni yule bwana nimesafiri." Mbwa akimfikia, anambusu pua. Mimi hakuwahi kunibusu pua. Baada ya muda mbwa alikuwa anampata popote: kwa jirani, nyuma ya kanisa, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Nikaanza kutembea kwa kujidai.

Siku ya jaribio ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Mama alimchukua bibi kwenda kumficha. Baba akavaa viatu vya kutokea, afande akaja na kofia, mimi nikamvalisha mbwa kamba yake, nikasema, "Tafuta!"

Mbwa akashusha pua, akainua pua, akaondoka kwa kasi ya ajabu. Baba akabaki nyuma akihema. Tukapita maduka, tukakata kona, tukaingia sokoni, moja kwa moja mpaka kwa mama mmoja muuza dagaa. Pale mbwa akakaa chini mbele ya fungu kubwa kuliko yote, akainua mguu wa mbele, akanitazama kwa fahari.

Yule mama muuzaji akavunjika mbavu. "Huyu kalelewa na wenye adabu. Kapanga foleni kama enzi za sukari ya mgao!"

Watu wakacheka. Baba akafika, jasho linamtoka. "Mama yangu yuko wapi?" akauliza. "Mmemzika humo kwenye dagaa?"

Bibi alikuwa amekaa jikoni kwa rafiki wa mama, upande mwingine kabisa wa mtaa, ameshachoka kusubiri. Tulipofika, afande hakumgusa mbwa, hakunigombeza. Alisimama akiwaza, kisha akamwomba bibi kwa upole, "Mama, hebu nifungulie hilo pindo la kanga."

Bibi akafungua fundo. Halikuwa na kitu ila magamba na vichwa, na harufu ya ziwa zima.

"Leo wamekwisha," akasema. "Mke mwenzangu hakuniachia wa kutosha."

"Bibi! Dagaa ni wa kupewa na mimi baada ya kukupata!"

"Wewe ulilelewa wapi?" Bibi alikasirika kweli. "Mtu ametoka kwake, amekutafuta, amekufikia mlangoni, unampokea mikono mitupu? Mgeni huyo!"

Kumbe siku zote alikuwa anajificha na dagaa pindoni, kwa ajili ya mgeni wake. Na mbwa wa watu, kwa akili zake safi, alijifunza tulichomfundisha: tafuta dagaa, bibi atakuwa karibu. Siku hiyo pindo lilikuwa tupu na soko lilikuwa limejaa, akaenda palipo na dagaa wengi.

Afande akacheka mpaka akashika ukuta. "Mbwa amefaulu," akamwambia baba. "Sisi ndio tuliofeli. Nipe muda nirekebishe."

Baba alitazama upande wa nyumbani. Nilijua anafikiria msumari ule na kilichoning'inia pale. Bibi akamshika mkono. "Mwanangu, na wewe hujala?" akamwuliza, na baba akageuza uso. "Mpaka mahindi yaanze kukauka," akamwambia afande. "Si zaidi."

Tukaanza upya kutoka chini, na safari hii mitumba ikatufaa. Dagaa walikaa kwangu tu, kwenye mfuko wa koti la shule, na ndiyo maana darasani nilikaa kwenye dawati peke yangu. Kilemba cha bibi nilikiweka kwenye mfuko safi wa nailoni, asikishike mtu mwingine. Kisha afande akapanga chini mashati kutoka kwenye robota, mashati ya wanaume wa Ulaya ambao hatutawajua kamwe, na kilemba cha bibi katikati yao. Mbwa akawanusa Wazungu mmoja mmoja kwa heshima. Alipofika kwenye kilemba, mkia ukaanza kabla ya pua kumaliza. Kidogo kidogo tukaongeza mashati. Kidogo kidogo tukarefusha njia. Na mara moja moja tukaweka sahani ya dagaa kando ya njia, imefunikwa chujio: akiipita, namsifu na kumpa bora zaidi. Akisimama, hakuna ugomvi, tunarudi nyuma. Bibi tulimkagua pindo kila somo kama abiria wa forodhani. Alilalamika kwamba tunamtia aibu kwa mgeni.

Mahindi yalikuwa yameanza kubadilika rangi alipoondoka kweli. Nilirudi shule mchana, wingu zito limeshuka juu ya mji, nikamkuta mama amesimama katikati ya ua. "Bibi yuko na wewe?" Hakuwa na mimi. Ungo wa maharage ulikuwa chini, nusu umechambuliwa. Baba alikuwa ameshakimbilia stendi na barabara ya Njombe, kwa sababu ndiyo ya Madaba. Kabla ya kuondoka alikuwa ametoa kufuli kwenye msumari. Lilikuwa juu ya meza, na ufunguo ndani yake.

Afande alikuwa kazini. Nilimfunga mbwa kamba, nikamfungulia mfuko wa kilemba mbele ya pua. Nikasema "Tafuta" kwa sauti ya rambirambi kabisa, nikakumbuka, nikairudia kwa furaha ya uongo.

Hakuelekea barabara ya Njombe. Akashika njia ya sokoni.

Moyo ukanishuka mpaka kwenye soksi. Tukafika kwenye safu ya dagaa. Yule mama muuzaji akatuona, akapaza sauti, "Haya, mteja wangu huyo!" Mbwa akageuza kichwa. Akatazama fungu. Masikio yakasimama. Sikuvuta kamba, maana afande alinikataza kuvuta. Nilisimama tu nikiwaomba watakatifu wote ninaowajua, na wengine niliowabuni palepale.

Mbwa akapumua kwa nguvu, kama mtu anayekataa soda, akashusha pua ardhini, akapita.

Nyuma ya soko njia inashuka bondeni kwenye vishamba vya watu. Mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa makubwa. Mbwa akaingia katikati ya maharage, akakaa, akainua mguu. Mbele yake bibi yangu amepiga magoti, kanga imefungwa kiunoni, anang'oa magugu kwa mikono. Tuta la kwanza lilikuwa safi kama sakafu, magugu yamelazwa kando, mizizi juu. Shamba si lake, wala si la mtu tunayemjua.

Akamwona mbwa, uso ukafunguka. Akapapasa pindo la kanga. Halikuwa na kitu. "Ona sasa," akasema kwa huzuni. "Mgeni amekuja na mimi sina kitu."

Nikamtilia dagaa mkononi haraka, maana dagaa ni palepale. Akampa mbwa wote. Kisha akanitazama. "Mke mwenzangu, unalilia nini? Shika tuta hilo."

Baba alitukuta hapo. Mama muuza dagaa ndiye aliyemwelekeza. Suruali ilikuwa tope mpaka magotini. Alimtazama mama yake, akalitazama lile tuta, akavua viatu vya kutokea, akapiga magoti upande wa pili.

"Mama," akasema huku aking'oa, "tuta lako limepinda."

"Limepinda kama miguu ya baba yako," bibi akamjibu, na baba akacheka huku mvua inamnyeshea usoni. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu apunguzwe kazi.

Mwenye shamba alipatikana, na hakuwahi kupata mpaliliaji wa bei nafuu namna hiyo. Sasa bibi anateremka bondeni siku akipenda na kwa njia apendayo, na mimi nikitoka shule namtuma mgeni akamlete. Kuna siku ananikumbuka, kuna siku ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Lakini siku hizo pia ananitania, na mimi namjibu.

Afande amehamishwa tena, Tunduru. Siku anaondoka nilitaka kumwambia asante ya maana, ya mtu mzima, nikashindwa. Nikapiga saluti, nikainua mkono mmoja juu. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa dagaa. Nilimla palepale.

Na kufuli lina kazi. Baba alilifunga kwenye kabati la jikoni wanapokaa dagaa, kwa sababu mtu fulani mwenye kanga bado anaamini mgeni hapokewi mikono mitupu. Ufunguo anao mama. Bibi anajua unapofichwa.