Alama Mbili Ubavuni mwa Tindo

Kazi yangu ni kunoa tindo za kupasulia mwamba, kwenye machimbo ya nje ya Geita. Kwa miaka mingi niligombana na kila mtoza ushuru aliyepita. Waacheni watu wafanye biashara, niliwafokea, mteja ndiye achague!

Kisha mhunzi kutoka Burundi akafungua kibanda mkabala na changu. Alinoa vizuri kuliko mimi, kwa bei ya chini, na kila tindo aliipiga alama mbili ubavuni. Kila asubuhi alivuka njia kuja kunisalimia, "Shikamoo, kaka." Wateja wakachagua. Hawakunichagua mimi.

Maofisa wa uhamiaji walipopita hawakumtilia shaka. Hata Kisukuma alikijua. Ni mimi niliyewaambia, "Huyo hapo, muulizeni alikozaliwa." Hakunisikia. Walipomshika, moto wake ukiwa bado unawaka, aligeuka akaniita mimi. "Kaka, waambie unanifahamu."

Wiki hiyohiyo nikapandisha bei. Hakuna aliyenung'unika, maana hapakuwa na pengine pa kwenda.

Siku hizi tindo zake zinaletwa kwangu. Chuma kikiiva motoni, zile alama mbili huwaka kuliko sehemu nyingine, kama macho. Tindo hufupika kila inaponolewa, nami nimekuwa nikingoja ziishe. Juzi mchimbaji mmoja alileta kipande kisichozidi kidole. Alama zilikuwepo.

"Hiki hakinoleki tena," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Nimekuja kuuliza fundi wake alikwenda wapi."