Siku Niliyotafuna Dawa ya Shangazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokaribia kumuua mdogo wangu kwa elimu yangu. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, tuko shambani kwetu Mpepai tunafyeka majani ili tuchimbe ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Deo, mdogo wangu huyo, alishika nyengo, panga letu lenye ncha iliyopinda. Ikateleza, ikamfungua mguu juu kidogo ya kifundo. Damu haikutiririka. Iliruka.

"Kaka, nakufa," alisema polepole, kama anayeomba maji.

"Hufi! Dawa naijua."

Naijua! Nilikuwa nimeandika daftari zima juu ya dawa za Shangazi yetu, ambaye watu walimfuata kutoka mbali kwa ajili ya majeraha. Basi nikamwacha ndugu yangu amekaa kwenye damu yake, nikaenda kuchuma majani ya mashona nguo. Nikatema karanga nilizokuwa nikila, nikayatafuna, nikayabandika. Damu ikayasukuma. Nikatafuna mengine.

Shangazi akaja mbio kutoka upande wa pili wa shamba. Kusema kweli, nilitegemea sifa. Aliyafuta yote kwa kiganja, akakunja kitenge chake, akakandamiza.

"Shangazi, si dawa yako hiyo?"

"Yangu ni ya kisu cha kumenyea viazi! Hii inaruka, huoni? Lete mikono. Kandamiza, msomi, na ukiachia nakukata wewe!"

Tulimpakia Deo kwenye gari lililokuwa likipeleka mbolea. Nilikandamiza njia nzima, yeye akizidi kuwa baridi. Kwenye kituo cha afya, nesi alipokuwa akisafisha kidonda alitoa kitu kwa koleo, akakiangalia.

"Nani alikuwa anakula karanga?"

Nilitazama dari.

Deo alishonwa, akapona. Mimi nilibaki na daftari lenye majina ya majani yote, ila sikuwahi kumuuliza Shangazi nguvu ya dawa hizo inaishia wapi. Mwenye dawa alijua mpaka wake. Mimi mwanafunzi wake ndiye niliyekuwa siujui.

Mwanangu, damu ikiruka, usiende kuchuma kitu. Chukua kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, usifunuefunue kuchungulia, na mgonjwa afikishwe hospitali. Majani waulize wazee, na uwaulize pia ni lini hawayatumii.

Mungu akupe miaka mingi, na damu yako yote ibaki ndani.