Niliufunga mrija wa mwanangu nikidhani wamemwekea maji

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Sehemu kubwa inanivunjia heshima, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Ni miaka ya tisini, watu binafsi wameruhusiwa kununua pamba na kuuza pembejeo. Mimi nalima upande wa Lagangabilili, nina mke na watoto wawili. Mkubwa anaitwa Kabula, ana miaka sita.

Niwape picha kidogo, hasa vijana. Zamani dawa ya kunyunyizia pamba tulikuwa tunaipata kwenye chama cha ushirika. Ruksa ilipokuja, kila senta ikawa na muuzaji wake. Msimu ule nilinunua kwa mmoja wao, nikapiga shamba zima, funza wakazidi kunenepa. Kumbe jamaa alikuwa ameizidishia maji! Ilikuwa imepauka, na mimi niliiona imepauka, nikanunua hivyo hivyo.

Iliniuma sana. Tangu hapo chochote cha majimaji nilianza kukagua rangi.

Sasa siku moja tukiwa tunachuma, Kabula akaumwa na nyoka mguuni. Kosa la kwanza ni langu: nilimpeleka kwa mzee mmoja kuwekewa jiwe la nyoka. Tukakaa hapo mpaka kesho yake. Nilipoona fizi zinavuja damu ndipo nikashtuka, nikaomba lifti kwenye pickup ya wanunuzi wa pamba hadi hospitali Bariadi. Mke wangu alibaki, ana kichanga.

Hospitali sitaitaja. Walikuwa na chumba cha watoto mahututi, vitanda vinne tu karibu na meza ya nesi. Hiyo ndiyo ilikuwa ICU yetu.

Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa imeisha. Daktari akaniambia damu ya mtoto imekataa kuganda, anahitaji damu ya ndugu. Wakanipima, group O, na Kabula naye O. Nikatoa mfuko mzima. Niliuona mfuko ukijaa, mwekundu, mzito, nikafurahi. Nikajisemea hapa sijapunjwa.

Kesho yake asubuhi nilitoka kumchemshia uji kwenye jiko la wauguzaji. Kurudi, nakuta Kabula kaning'iniziwa mfuko wa maji ya njano.

Na mtoto wa kitanda cha jirani, mdogo, hajafika hata miaka miwili, ana mfuko mwekundu. Nikasogea. Kwenye plasta ya ule mfuko limeandikwa jina langu.

Wakuu, niliona giza. Nikajua moja kwa moja: damu yangu wameiuza, mwanangu wamemwekea maji.

Nikaishika ile klipu ya mrija nikaifunga, nikasimama mbele ya kitanda.

Nesi akaja mbio. Mama mmoja mtu mzima, mpole. "Baba Kabula, fungua."

"Hii siyo damu yangu. Mimi nilitoa nyekundu."

"Ni yako hiyo hiyo. Tuliiacha kwenye friji, nyekundu ikakaa chini, njano ikabaki juu. Kabula hajapungukiwa nyekundu, yeye haigandi. Ya kugandisha ni hiyo ya njano."

"Na huyo?"

"Huyo malaria imemla damu, anahitaji nyekundu."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia wote ni wale wale, mnatuona washamba. Hata alipougeuza ule mfuko wa njano nione jina langu lipo pale pia, nikasema jina anaandika mtu yeyote.

Nilisimama pale kama nusu saa. Naandika hili kwa aibu. Fizi za Kabula zinavuja, shuka inalowa, na mimi baba yake ndiye nimeziba njia. Nesi hakunisukuma. Alikuwa anamfuta mdomo tu na kunitazama.

Ndipo nikamgeukia mama wa yule mtoto, nimwambie arudishe kilicho changu. Kabla sijafungua kinywa, akapiga magoti.

"Wabeja baba. Asante sana. Wameniambia ni wewe. Jana alikuwa haniangalii, leo kanishika kidole."

Nikamtazama mtoto. Kweli kashika kidole cha mama yake.

Sikuwa nimeelewa lolote kuhusu njano na nyekundu, nisiwadanganye. Ila ningemwambia nini yule mama? Nikatoa mkono kwenye klipu. Nesi akaifungua.

Jioni fizi zikapunguza kuvuja, siku ya pili zikaacha. Kabula alipona, ila kidonda kilichukua muda na mguu ule bado una kovu kubwa. Kama ningechelewa zaidi ingekuwaje, hilo daktari hakuniambia na mimi niliogopa kuuliza.

Nilichojifunza: ukishapigwa mara moja, unaanza kuona matapeli hata kwa watu wanaokusaidia. Na nyie mlio kwenye hospitali, mwelezeni mzazi kabla hamjatundika mfuko. Mngeniambia mapema, hayo yote yasingetokea.

Kabula sasa ni mama wa watoto watatu. Mwaka huu ndiyo nimemsimulia habari ya klipu kwa mara ya kwanza. Nilidhani atanikasirikia. Yeye akauliza:

"Baba, yule mwenzangu anaitwa nani?"

Sijui. Siku nne tulikaa vitanda jirani, tukala uji wa sufuria moja na mama yake, na sikuwahi kuuliza jina. Wao waliruhusiwa kwanza, yule mama akaniaga kwa magoti tena.

Kwa hiyo kama kuna mtu humu aliambiwa na mama yake kwamba utotoni aliongezewa damu Bariadi, ya mkulima mmoja mkorofi wa kitanda cha jirani, aandike hapo chini. Na wenye yaliyowakuta mahospitalini, karibuni pia.