Kiberiti cha Ngozi Nene

Mdogo wangu wa kufuatana, yule ambaye mtaa mzima unamwita Ngozi Nene, kazi yake ni kutoa nyuki kwenye mapaa ya watu. Anaishi chumba changu cha uani, kwa hiyo miaka ishirini nimeishi na uchafu wake. Nta kwenye vitasa, nyuki wafu kwenye mifuko ya suruali, ndoo ya masega yenye mabuu meupe yanayojinyonganyonga. Mabuu hayo anayatafuna mbele yangu. Yanapasuka mdomoni, ute unamteremka kidevuni, mimi nakimbilia uani kutapika, yeye anacheka hadi anapaliwa.

Alikuwa na mtindo wake wa kuanza kazi. Kabla ya kupanda ngazi alimshika nyuki mmoja, akamweka mkononi adungwe mbele ya mwenye nyumba, kisha akaukwangua mwiba kwa ukucha. Aliwaonya watu wasiubane kwa vidole, maana wanajikamulia sumu yote ndani. Mwenye nyumba akishaona hivyo, hana swali tena. Jina lake lilitokea hapo.

Mwaka juzi mwili ukamgeuka. Kuna wanaodungwa wakavimba kidole tu, kesho wamesahau. Kuna ambao uso unaumuka kama unga wa hamira, lakini wanapona. Yeye alidungwa mara moja shingoni, vipele vikamjaa hadi nyayoni, midomo ikawa kama maini, koo likapiga filimbi, na tumbo likamwachia palepale. Suruali hiyo nilimvua mimi, na harufu yake bado ninayo puani. Muuguzi wa zahanati alimchoma sindano, akamwambia akome, akidungwa tena huenda asifike hapo akiwa hai.

Akaapa ameacha. Wiki tatu baadaye nafua shati lake, nikasikia kitu kinanguruma mfukoni. Kiberiti. Nilipokifungua, minyuki minene ikanitambalia vidoleni, nikakitupa kwenye karai.

Hakuwa na aibu hata kidogo. Alinieleza kwamba hayo ni madume, macho makubwa yamekutana utosini, mwiba hayana. Siku hizi anavaa wavu na nguo nzito, lakini asipojidunga kwanza watu watasema Ngozi Nene ameingiwa na woga, na kazi itaisha. Kwa hiyo anaweka dume mkononi, anakunja uso, anakwangua hewa. Nilimwambia ni mshenzi. Tangu siku hiyo nikawa namfuata kazini na bomba la moshi wa kutulizia nyuki, kama yaya.

Ndipo tukaitwa kwenye bohari la mbao. Mwenye bohari alikuwa ameona nyuki weusi wakubwa akachanganyikiwa. Mdogo wangu akamcheka, akasema hao hutoboa mbao tu, kila mmoja na tundu lake, hawana habari na mtu asiyewafinya. Wa kuogopwa ni wale wa kahawia, kundi zima, nyuma ya rundo la mbao. Wapagazi wakasogea kuona onyesho. Akafungua kiberiti.

Nyuki aliyetoka alikuwa mwembamba, macho kila moja upande wake. Jike. Macho ya mdogo wangu yamefifia na miwani anaikataa, eti ni ya wazee.

Sikuwaza. Nilimpiga kofi mkononi, nyuki akabaki kiganjani mwangu, akaniachia mwiba na utumbo wake umening'inia.

"Dada, unaniaibisha mbele za watu," akanong'ona.

"Bora nikuaibishe kuliko nikuvue suruali tena."

Mwenye bohari akauliza kwani huyu si Ngozi Nene.

"Nyembamba kama ya kitunguu," nikasema, huku nakwangua mwiba, na nikawamwagia yote, kiberiti na madume na zahanati. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini.

Kazi ya mapaa iliishia hapo, na mwezi mzima hakunisemesha. Sasa amening'iniza gogo barazani kwangu, anafuga wale nyuki wadogo wasiouma. Hawaumi, ni kweli. Wanaingia kwenye nywele, wanakunywa jasho kwenye kope, jana nimetoa mmoja sikioni akiwa amelowa nta yangu mwenyewe.

"Ni wapole, dada," akaniambia, anapumua vizuri kabisa, asali imemganda kwenye ndevu.

Nikamsaga yule mdudu kwa ukucha, nikaenda kunawa.