Rangi ya Kombi ya Mzee Muinde

Mwaka jana, mtu akiingia kwa Kavinya kupakwa rangi ya kucha, pale nyuma ya soko la Voi, kitu cha kwanza alichokiona mezani kilikuwa paa la gari. Paa dogo, la urefu wa kiganja, limeegemezwa juu ya vizibo viwili likauke, katikati ya chupa za waridi na zambarau. Wateja waliuliza. Kavinya alijibu, "Hilo ni la baba," kisha akaendelea kusugua kucha kana kwamba amejibu.

Duka langu la kompyuta limepakana na lake, ukuta wa mbao tu umetutenganisha, na mimi si mtu wa kuona kitu kama hicho nikanyamaza. Nilimwacha mteja akisubiri karatasi zake, nikaenda.

"La baba kivipi?"

"Morris, rudi kazini."

"Sirudi."

Akacheka, akavuta boksi lililokuwa chini ya meza. Lilikuwa limepasuka pembe zote. Alilipata kwenye lundo la vitu vya kuchezea vya mtumba, na ndani yake kulikuwa na kombi ya zamani, ile yenye kioo cha mbele kilichogawanywa mara mbili, ila haijawa kombi bado. Ilikuwa vipande vya plastiki nyeupe vilivyoshikana kwenye fremu: milango, magurudumu, viti, usukani mdogo kama pete ya mtoto. Mtu anakata kipande, anakisugua, anakibandika kwa gundi, kisha anapaka rangi. Picha ya juu ya boksi ilimfanya Kavinya asimame katikati ya soko, kwa sababu gari kama hilo ndilo baba yake alilokuwa akiendesha kabla yeye hajaanza kutembea.

Mzee Muinde alikuwa dereva wa gari la kliniki. Watu wakisimulia historia ya Voi utasikia reli, utasikia simba waliokula wajenzi wa reli, utasikia vita vya Wazungu kule upande wa Taveta. Sijawahi kusikia mtu akiuliza ni nani aliyekuwa akiwakimbiza hospitalini akina mama wa mashamba ya mkonge uchungu ukiwashika. Hilo hunichoma. Ni Muinde, kijana aliyetoka Ukambani kutafuta kazi akapewa kombi ya misheni. Alitoka nayo Voi, akapita Marungu, akazunguka mlima Kasigau hadi Makwasinyi, kwenye barabara za mchanga ambazo hata leo huwachosha madereva. Watoto waliozaliwa ndani ya gari lile sasa wana wajukuu. Hakuna ubao wenye jina lake popote.

"Sasa unataka kumpa zawadi," nilisema.

"Nataka aione." Kavinya aliliokota lile paa, akaliinua mbele ya jicho langu. "Umesikia kuhusu macho yake?"

Nilikuwa nimesikia juu juu. Akanieleza yote. Daktari alisema ni presha ya macho. Matone ya dawa yangepunguza mwendo wa ugonjwa tu, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Uwezo wa mzee wa kuona ulikuwa unajifunga kutoka pembeni kuja katikati.

"Anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba," alisema. "Basi likipita, anaona dirisha moja. Mimi nikisimama mbele yake anaona pua, mdomo hauoni. Gari zima haliwezi kuingia kwenye hilo bomba, Morris. Lakini hili litaingia."

Nilirudi dukani kwa mteja wangu aliyekuwa bado anasubiri karatasi zake.

Tangu siku hiyo nilikuwa naingia kwake kila nikipata nafasi, kuangalia. Mkono wa Kavinya ni wa ajabu. Ana brashi ya nywele chache mno, ile anayochorea maua kwenye kucha za maharusi, na kwa brashi hiyo alipaka fedha kwenye vishikio vya milango ambavyo mimi hata kuviona ilinibidi nikunje uso. Taa za mbele alizidondoshea tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, zikang'aa kama kioo cha kweli. Pazia la nyuma alilikata kutoka kwenye bandeji. Machela ilikuwa vijiti viwili vya meno na kitambaa.

Lakini mwanzoni aliharibu. Kwa kuwa rangi ya kucha ndiyo anayoijua, aliipaka moja kwa moja kwenye plastiki, na paa likakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Rangi ile ilikuwa inaila plastiki. Alilisugua kwa tupa ya kucha siku kadhaa, kisha akalipeleka gereji kwa Sylus, fundi wa kupuliza rangi, naye akalipulizia ile rangi ya kijivu inayotangulia kupakwa kwenye bati la gari. Juu ya hiyo, rangi ya kucha ilitulia.

Ikabaki swali moja: kombi ya mzee ilikuwa rangi gani?

Kumuuliza mwenyewe hakukuwezekana. Tangu alipoambiwa asishike usukani tena, mzee hakutaka habari za magari. Ukimtajia kombi alisema, "Achana na hayo," akageuzia uso ukutani. Na Kavinya mwenyewe hakuwa na kumbukumbu, kwani gari liliondolewa akiwa bado anabebwa mgongoni.

Basi akawaita mashahidi. Wa kwanza alikuwa Mzee Makokha, aliyekuja kutoka upande wa Kakamega akakata mkonge hadi alipostaafu. Wa pili, Mama Teresia, mwimbaji wa kwaya ya kanisa tangu ujana wake. Wakakaa kwenye viti vya wateja, wakatazamana.

"Juu nyeupe, chini nyekundu," alianza Makokha. "Nyekundu ya tofali. Mimi nimepanda hiyo gari nikiwa nimejikata mguu na panga. Utaniambia nini?"

"Uliona damu yako," alisema Teresia. "Gari ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama sahani."

"Mama, ulikuwa unaangalia gari ama ulikuwa unaangalia dereva?"

"Dereva!" Teresia alipiga goti lake, akacheka hadi kilemba kikalegea. "Nani hakumwangalia? Lakini alikuwa amesimama mbele ya gari nyeupe. Kila Jumapili, nje ya kanisa."

"Sasa Jumapili ndiyo nitajikata mguu? Mimi nilipanda siku ya kazi."

"Wewe hata kanisani hukuwa unakuja."

"Ndiyo maana macho yangu ni mazima, sijayachosha na vitabu vya nyimbo."

Wakaendelea hivyo mpaka chai ikaisha, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Teresia alipokuwa akitoka alisimama mlangoni, akalitazama lile paa tena. "Mkimpelekea," alisema, "niambieni alisema nini."

Nyumbani kulikuwa na picha moja, isiyo na rangi, mkunjo umepita katikati. Muinde kijana, kofia upande, mkono kwenye mlango wa dereva. Kavinya aliileta dukani kwangu nikaikuza kwenye kompyuta. Tuliona wazi: sehemu ya juu ya gari ilikuwa angavu, na chini ya madirisha ilikuwa nyeusi zaidi. Mpaka wa rangi hizo mbili ulipanda na kushuka kidogo, lakini tuliulaumu mkunjo wa picha.

"Makokha ameshinda," nilisema, tena kwa sauti. "Angalia nje uone. Mji mzima umepakwa hivyo!"

Kavinya akaangalia. Ni kweli. Voi, duka au nyumba, ukuta hupakwa nyeupe au krimu juu, na chini, hadi usawa wa kiuno, nyekundu au kahawia. Kila mtu anajua sababu. Udongo wetu ni mwekundu, mvua ikipiga chini unaruka, upepo ukija unapanda, na hakuna anayetaka kuonekana mchafu. Sisi hupaka ukuta rangi ya vumbi kabla vumbi halijafika. Gari la misheni lingepakwaje tofauti? Tulikubaliana hivyo, Kavinya akachagua chupa ya nyekundu iliyokolea, akaipaka chini ya madirisha kwa mstari ulionyooka kama uzi.

Ilipendeza mno. Naikumbuka ikiwa juu ya meza, na wateja wamekatazwa kuigusa.

Tuliipeleka jioni moja jua likiwa bado na nguvu, kwa sababu mzee huona vizuri mwanga ukitoka mlangoni. Alikuwa kwenye kiti chake. Kavinya alimwekea gari kwenye kiganja.

"Baba, angalia."

Mzee alilipapasa kwanza, gurudumu moja baada ya jingine. Kisha akalinyanyua polepole hadi mahali ambapo jicho lake bado linafanya kazi, akalizungusha. Aliona taa. Aliona vishikio. Akaingiza ukucha kwenye mlango wa nyuma, akaiona machela. Kavinya alinishika mkono bila kujua.

Kisha mzee akafika ubavuni, akapitisha ukucha kwenye mstari wa nyekundu.

"Kombi ni hii," alisema. "Lakini si yangu."

"Yako ilikuwaje, baba?"

"Nyeupe. Juu na chini." Akalirudisha gari kwa Kavinya. "Nani alikwambia mimi naendesha gari chafu?"

"Chafu?"

"Hiyo nyekundu ni mchanga wa Marungu! Jumatatu hadi Ijumaa inapanda mpaka kwa vioo, utafanya nini? Lakini Jumamosi naosha. Ndoo kwa ndoo. Mgonjwa haingii kwa gari chafu, na Mungu hapelekewi gari chafu. Mmenipakia uchafu kwa rangi, hata siwezi kuosha."

Akageuzia uso ukutani.

Njiani kurudi ndipo tulipoelewa. Makokha aliona kombi ya siku za kazi, Teresia aliona ya Jumapili. Walikuwa wametuambia hivyo hivyo, kwa midomo yao wenyewe, nasi tulikuwa tumekaa pale tukinywa chai.

Nilidhani Kavinya angekata tamaa. Wiki hiyo mzee alimwaga uji nje ya kikombe kilichokuwa mbele yake. Bomba lilikuwa linazidi kuwa jembamba, na kuanza upya kulihitaji siku. Dawa ya kutolea rangi ya kucha hakuthubutu kuitumia, maana ingekula plastiki tena. Aliisugua nyekundu yote kwa tupa, kati ya mteja na mteja, meza ikawa na unga mwekundu hadi wanawake wakalalamika. Akapeleka kwa Sylus tena. Akapaka nyeupe, tabaka jembamba, ikakauka, akapaka nyingine. Kombi ikatoka safi kama yai.

"Twende sasa," nilimwambia. "Hatuna muda."

"Bado."

Alitoka nje na kikombe, akachota udongo barabarani. Nilimfuata nikimuuliza anafanya nini. Alichekecha udongo kwa soksi nyembamba ya kike hadi ukawa laini kama poda, akauchovya kwa brashi ya kupakia mashavu, akaupaka ile kombi nyeupe kuanzia magurudumu hadi chini ya vioo. Hakupiga mstari. Uliishia pale ulipotaka, ukipanda na kushuka, kama kwenye picha.

"Paka ile rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake, ishike," nilisema. "Itafutika!"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akivaa shati kinyume. "Morris. Nataka ifutike."

Safari hii mzee hakutaka hata kunyoosha mkono. "Nilishaiona hiyo."

"Ni Ijumaa, baba," alisema Kavinya. "Imetoka Makwasinyi."

Mzee akageuza kichwa. Kisha akapokea. Akalinyanyua kwenye mwanga, akatafuta ubavu, akaupata, akapitisha kidole gumba. Kidole kikatoka chekundu. Nyuma yake kulibaki mstari mweupe.

Akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kikohozi au kicheko. "Ona mchanga huu," alisema. "Lete maji. Kidogo, usinimwagie gari."

Kavinya alileta bakuli. Mzee akatoa leso yake mfukoni, akachovya pembe, akaanza. Alianzia mbele, kwenye taa, akashuka kwenye bampa, akaja mlango wa dereva, na huku akifuta alikuwa akizungumza: wapi gari lilinasa, mama gani alimng'ata mkono akidhani ni wa mumewe, nani alikuja kusukuma na mguu umefungwa gunia.

"Huyo ni Makokha," nilisema.

"Makokha! Alilia njia nzima. Mwambie nakumbuka."

Weupe ulikuwa ukitokea nyuma ya leso, kipande kwa kipande. Alipofika nyuma, mkono ulipunguza mwendo. Aliligeuza gari huku na huku kwenye mwanga uliokuwa ukiondoka mlangoni, akalisogeza karibu na uso, akalisogeza mbali.

"Mlango wa nyuma siuoni," alisema, bila huzuni, kama dereva anayeuliza msaidizi wake kuhusu barabara. Akamnyooshea Kavinya leso. "Shika. Malizia wewe, kesho ni kanisani."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kavinya hakumsahihisha. Alichovya leso kwenye bakuli, akaanza kuosha.