Pete ya Mwenye Duka

Juzi mjukuu wangu alirusha mpira ukapita katikati ya kile chuma cha duara walichokitundika uwanjani, tena kwa nafasi tele, na watu wakapiga makofi. Mikono yangu mimi ilibaki mapajani.

Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akigema utomvu wa mpira msituni Ganze na kuuviringa hadi ukawa donge kubwa lenye harufu ya moshi na uchachu. Tulilipeleka Malindi matumbo yakiwa matupu. Mwenye duka aliyeyanunua madonge aliyapima kwa pete kubwa ya chuma. Donge likikwama, ulipewa mahindi. Likipita, chumvi tu. Hayo sikuyajua. Nilidhani ni mchezo.

Donge la mama lilikwama.

“Hebu sukuma, mwanangu, tuone nguvu zako,” mwenye duka akaniambia.

“Bwana, huyo ni mtoto,” mama akasema.

Nikasukuma kwa viganja viwili. Donge likabonyea, likapenya, likaanguka kwa kishindo. Nikarukaruka kwa furaha. Mwenye duka akanipigia makofi, akanipa tende moja, kisha akampimia mama chumvi.

Njiani nilianza kuitafuna ile tende. Mama akanishika mkono.

“Mbakishie mdogo wako,” akasema. “Hicho ndicho chakula chenu cha leo.”