Kopi ya Picha ya Nasieku

Siku yangu ya kwanza kazini Karatu, Mratibu wa wakati huo alinionyesha taipureta akasema, "Hapa adui ni vumbi. Funika mashine kila unapotoka." Ilikuwa ofisi ndogo ya huduma za mifugo. Nilikuwa katibu muhtasi wa ofisi hiyo hadi nilipostaafu.

Nikikaribia kustaafu, Mratibu wa tatu, mama mchangamfu, alileta printa tuijaribu kabla ya kuinunua. Ilichapa, ikaskani na kutoa kopi, tena bila waya. Nilituma barua kwa simu kutoka chumba cha pili, printa ikaichapa. Kisha nikaidondoshea karatasi maji, maandishi yakachuruzika. Wino wake ni wa maji, si unga unaoyeyushwa kwa moto kama wa printa za tona.

"Kwani Mama Neema, tunachapia mvuani?" Mratibu aliniuliza. "Mimi nataka rangi. Mfugaji akione kidonda kilivyo kwenye kipeperushi."

Hakukosea. Tulikuwa tumebakiza kujaribu rangi alipoingia Mzee Parsaloi wa Arash, kule Loliondo, amefuata dawa ya ndama. Alikuwa na picha ya marehemu mkewe, Nasieku, aliyoazimwa na shemeji yake. Hapakuwa na nyingine. Akaomba kopi.

Ilitoka safi mno, nikapaza sauti, "Mratibu, njoo uone wekundu huu!" Printa ikanunuliwa.

Nilimsihi mzee akaiwekeshe kopi nailoni kwenye duka la mjini, isije ikalowa. Akakuta duka limefungwa kwa msiba, na gari la Loliondo linaondoka. Akaificha kopi ndani ya shuka, akapanda.

Masika yalipokwisha alirudi na karatasi yenye madoa ya buluu. Mvua ilikuwa imemkuta njiani. Shemeji yake naye alikuwa amehama, na picha yenyewe, aliyokwisha kumrudishia, ikapotea katika kuhama huko. Nikatafuta kwenye mashine, nikatafuta kwenye kompyuta. Kopi ya moja kwa moja haihifadhiwi.

"Mama," akasema taratibu, "wewe ulimwona. Pale alikuwa anacheka, au amenyamaza? Nimeanza kusahau."

Nikafumba macho. Nikaona shanga, nikaona kingo za karatasi zilivyonyooka. Sura haikuja.

"Shanga zake zilikuwa nyekundu sana, baba."

"Ndiyo," akasema. "Alizipenda." Akachukua dawa, akaenda zake.

Sasa niko Rhotia, nalima mahindi. Vijana wa ofisini hunipigia kuuliza wanunue printa gani. Nawaeleza habari za wino na tona, nawahimiza waskani na kuhifadhi kabla ya kutoa kopi. Wananishukuru. Nikishakata simu hujaribu tena kumwona yule mama, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka.